Darubini kwa mwenye miwani: jaribu kabla ya kulipa

Wazazi wengi wa mjini hununua darubini siku moja au nyingine. Mmoja anataka kumtuza mwanawe aliyefanya vyema shuleni, mwingine ana safari ya Tsavo wakati wa likizo, na wa tatu anapenda tu kuketi Mama Ngina jioni akitazama meli zinavyoingia Kilindini. Lakini nyumba yenye mtu avaaye miwani ina swali moja zaidi la kujiuliza, na aghalabu swali hilo halikumbukwi mpaka pesa zishatoka mfukoni. Je, darubini hii itamfaa mwenye miwani?

Chukua mfano wa wanafunzi waliozuru Fort Jesus. Wamepanda juu ya ukuta unaotazama bahari na mwalimu wao ana darubini moja, kwa hivyo inabidi wapokezane. Jahazi linapita likielekea Bandari ya Kale. Wa kwanza anasema anawaona mabaharia wakikunja kamba. Wa pili anasema ameona kuku juu ya sitaha, na wote wanacheka. Zamu inamfikia binti mwenye miwani. Anaiweka darubini machoni na kuona kitundu kidogo katikati ya giza, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. "Sioni kitu, mwalimu," anasema. Nyuma yake sauti inanong'ona: "Macho manne!"

Binti huyo atarudi nyumbani akiamini kwamba macho yake ni mabovu kiasi cha kushindwa na kila chombo. Pengine hataomba tena kushika darubini, na klabu ya wanyamapori ya shule ataiacha. Na ukweli ni kwamba macho yake hayakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la vikombe viwili vya mpira ambavyo hakuna aliyemwambia avikunje.

Kwa nini miwani huzuia

Darubini ina lenzi kubwa mbele na lenzi ndogo upande wa jicho. Picha inayotoka kwenye lenzi ndogo haionekani yote kutoka mahali popote. Iko nafasi moja maalumu nyuma ya lenzi hiyo ambapo jicho likikaa huiona duara nzima ya picha, kutoka ukingo hadi ukingo. Jicho likikaa mbali kuliko hapo, kingo hukatika na duara husinyaa.

Hebu tuiite nafasi ya jicho. Hupimwa kwa milimita. Kwenye karatasi ya maelezo inayofuatana na darubini huandikwa kwa Kiingereza "eye relief", na ndiyo tarakimu ambayo mnunuzi mwenye miwani anapaswa kuitafuta kabla ya zote.

Sasa piga hesabu. Kioo cha miwani hukaa kiasi cha milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho, na juu yake ongeza unene wa kioo chenyewe. Ikiwa darubini ina nafasi ya jicho ya milimita 10, mwenye miwani hawezi kuifikia hata akiisukuma mpaka fremu imuumize pua. Ndiyo sababu hushauriwa kwamba mwenye miwani asikubali chini ya milimita 15. Milimita 17 au 18 humpa raha zaidi, na mwenye kioo kinene au fremu iliyotokeza mbele atafute 18 hadi 20.

Ajabu ni kwamba miwani ni mzee kuliko darubini kwa karne tatu. Watu wa Italia walikuwa wakivaa miwani mwishoni mwa karne ya 13. Wareno walipoanza kuijenga Fort Jesus mwaka wa 1593, hakuna mlinzi wake aliyekuwa na darubini, maana chombo hicho kilijulikana huko Uholanzi mwaka wa 1608. Hata hivyo, waliotengeneza darubini za macho mawili hawakumjali sana mvaa miwani mpaka mwaka wa 1958, kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilipotoa darubini iliyokusudiwa hasa kwa ajili yake. Kwa hivyo ukirithi darubini ya zamani ya babu aliyekuwa baharia, usishangae ikikukataa na miwani yako. Ilitengenezwa kwa macho matupu.

Dawa isiyo na gharama

Kabla ya kununua kitu kipya, itazame kwanza ile uliyo nayo. Kuzunguka lenzi za upande wa jicho kuna vikombe viwili. Kazi yake ni kulishikilia jicho tupu katika umbali unaofaa. Asiyevaa miwani huviacha vimesimama. Mwenye miwani hapaswi kuviacha hivyo, kwa sababu miwani yake tayari imeshika umbali. Akiviacha vimesimama, anajiongezea milimita nyingine na kupoteza nusu ya picha.

Katika darubini za zamani, vikombe hivi ni vya mpira na hukunjwa kwa nje kama ukosi wa shati. Katika nyingi za siku hizi huzungushwa ili vishuke au vipande, na huwa na vituo viwili au vitatu njiani. Vishushe kabisa, vaa miwani yako, kisha tazama. Mara nyingi tatizo huishia hapo na familia ikaokoa pesa zake.

Walimu waongozao ziara za wanafunzi wangefanya jambo la maana kama wangesema maneno haya kabla ya darubini kuanza kupokezanwa: "Mwenye miwani ashushe vikombe, asiye na miwani avipandishe." Hapo hakuna mtoto atakayeona giza na kulaumu macho yake.

"Si avue miwani tu?"

Hili ndilo jawabu utakalopewa na wauzaji wengi, na si uongo mtupu. Asiyeona mbali, au asiyeona karibu, anaweza kuvua miwani na kuzungusha gurudumu la katikati mpaka picha ikae sawa. Gurudumu hilo hufanya kazi ambayo miwani ingefanya.

Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, wapo watu ambao kioo cha mbele cha jicho lao hakikuviringika sawasawa, hivyo mistari ya upande mmoja huonekana vizuri na ya upande mwingine ikafifia. Gurudumu la darubini haliwezi kurekebisha kasoro hiyo. Ikiwa ni kidogo, mtu huvumilia. Ikiwa ni kubwa, hana budi kuvaa miwani yake. Fundi wa macho aliyekupima anaweza kukuambia kama unayo na ni ya kiasi gani.

Pili, na hili huwapata wengi zaidi, mtu huanza kumwona ndege kwa macho yake, kisha ndipo humwelekezea darubini. Aliyevua miwani amelikosa jicho la kumtafutia. Akiivaa tena ili amtafute, kisha aivue ili amtazame, ndege keshavuka mto Tudor yuko Kisauni. Miwani yenyewe huishia kuangukia mawe au kukaliwa ndani ya matatu. Kwa mtu avaaye miwani siku nzima, lililo bora ni darubini itakayomkubali na miwani yake.

Tena kuna faida ambayo watu hawaitarajii. Kila mtu katika familia akivaa miwani yake anapotazama, macho yote huwa yamesawazishwa tayari. Baba akimpa binti darubini, na binti akampa shangazi, marekebisho ni madogo tu.

Wazee wavaao miwani ya kusomea peke yake wasihangaike. Hiyo ni ya kazi ya karibu, hawaihitaji kwa darubini. Wenye miwani ya sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, wakumbuke kutazama kupitia sehemu ya juu. Wakiinua kidevu kupita kiasi, watatazamia sehemu ya kusomea na picha itachafuka.

Tarakimu zilizoandikwa juu yake

Kila darubini ina tarakimu mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni idadi ya mara ambazo kitu huvutwa karibu. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza utapata upana wa mwali wa mwangaza unaoingia jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5 na robo. Mwali mpana husaidia magharibi na alfajiri, mboni inapopanuka. Isitoshe, humrahisishia mwenye miwani kuliweka jicho mahali pake, kwani hata likisogea kidogo picha haipotei.

Vijana hukimbilia tarakimu kubwa. Darubini ya mara 20 husifiwa sana na wachuuzi, lakini mkononi hutikisika kama chombo kwenye mkondo wa Kilindini. Mara 8 humtosha mtu wa kawaida. Mara 10 inataka mkono mtulivu. Mara nyingi pia ukuzaji ukizidi, upana wa mandhari hupungua na nafasi ya jicho huwa finyu, na hasara zote mbili humwangukia mwenye miwani.

Kwa matumizi yetu ya hapa, 8x42 ndiyo inayofaa mambo mengi: ndege wa mikokoni, majahazi, palahala wa Shimba Hills, hata ndovu wa Tsavo kutoka dirisha la treni ya SGR. Uzito wake huwa kati ya gramu 600 na 800. Kwa mtoto, 8x32 ni nyepesi zaidi, mradi nafasi ya jicho itoshe. Zile ndogo za kutia mfukoni, 8x21 au 8x25, zinavutia na hazichoshi shingo, ila nyingi zake zina nafasi finyu na mwali mwembamba. Usiinunue yoyote kati ya hizo bila kuijaribu. Wale wapendao bahari huchagua 7x50, ambayo haitikisiki sana na huona vizuri jua likishatua, ingawa ni nzito.

Ziogope mbili. Ya kwanza ni ile yenye lenzi nyekundu zinazometameta kama kito. Wekundu huo haukuongezei kitu, bali huharibu rangi za unachokitazama. Ya pili ni ile ya bei rahisi yenye kitufe cha kubadilisha ukuzaji kutoka mara 10 hadi mara 30 au zaidi. Kadiri unavyovuta ndivyo picha inavyotia giza.

Ukifika dukani

Uwe unanunua katika duka la Moi Avenue au umeletewa na jamaa kutoka Dubai, vaa miwani unayoivaa kila siku. Usikubali kujaribu mbele ya kaunta peke yake. Omba utoke mpaka mlangoni, kisha fuata hatua hizi.

Shusha vikombe. Fungua au ufunge darubini katikati mpaka duara mbili ziwe moja. Tazama bango lililo ng'ambo ya barabara. Je, unaiona duara nzima yenye ukingo mkali, au unaona picha inayoishia katika ukungu mweusi? Kama huuoni ukingo, darubini hiyo si yako, hata kama karatasi inasema milimita 17. Viwanda hupima kutoka kwenye kioo cha lenzi, lakini kioo hicho mara nyingi kimezama ndani ya kikombe kwa milimita kadhaa, na hizo zimekwisha kupotea kabla hujaanza.

Kisha sawazisha macho. Ziba lenzi ya mbele ya upande wa kulia kwa kiganja, na uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione herufi za bango barabara. Sasa ziba upande wa kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia, bila kuligusa gurudumu. Katika darubini nyingi pete hiyo iko hapo. Ukimaliza, kumbuka alama iliyosimama, kwa maana hiyo ndiyo yako. Kila mtu nyumbani ajue yake.

Endelea kutazama kwa dakika mbili au tatu. Ukiona vitu viwili badala ya kimoja, au kichwa kikaanza kugonga, vioo vya ndani havikupangwa sawa. Irudishe. Baada ya hapo inyooshe mikono, uielekeze darubini kwenye mbingu angavu mbali na jua, na utazame zile nukta mbili za mwangaza kwenye lenzi za jicho. Zinapaswa kuwa mviringo kamili. Zikiwa na pembe, vioo vya ndani ni vya hali ya chini. Hatimaye, kagua kama ukingo wa kikombe ni mpira laini. Ukingo mgumu utakwaruza miwani yako, na miwani ni ghali pia.

Ukinunua kwa njia ya mtandao, uliza kwanza kama unaweza kuirudisha. Macho ya mtu mwingine hayawezi kukujaribia.

Chumvi na mvuke wa Mombasa

Darubini nzuri yaweza kuharibika kisiwani kwa mwaka mmoja. Mvuke wetu huingia ndani ya vioo, na kuvu huota kama utando wa buibui. Ukiwa na uwezo, nunua iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni, maana hiyo haiingii maji wala haifanyi ukungu ndani. Usiifungie katika mkoba wa ngozi ndani ya kabati. Iweke penye hewa, au kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Upepo wa kusi ukivuma, chembe za chumvi hutua juu ya lenzi na juu ya miwani. Ukizifuta kwa upindo wa shati au leso, unasugua kioo kwa mchanga. Pulizia kwanza, pangusa kwa brashi laini, kisha tumia kitambaa cha miwani chenye unyevu kidogo. Miwani isafishwe pia kabla ya kutazama, kwani wengi hulaumu darubini kumbe alama ya kidole imo kwenye miwani.

Adabu ya chombo hiki

Mji wa Kale una vichochoro vyembamba na nyumba zilizokaribiana. Roshani ya jirani iko mkono mmoja na yako, na juu ya madari akina mama huanika nguo na kupumzika. Kijana akionekana darini na darubini, hata kama anamtafuta mwewe, kutazuka ugomvi ambao baba yake atalazimika kuuzima barazani. Mfunze tangu siku ya kwanza: darubini hutazama bahari, mbingu na miti, haitazami dirisha la mtu. Vilevile maeneo ya bandari, kivuko cha Likoni na kambi za wanamaji yana ulinzi. Uliza kwanza kabla ya kuinua chombo.

Jambo zito kuliko yote ni jua. Usilitazame kwa darubini hata kwa nukta moja, na miwani haikukingi, hata ikiwa nyeusi. Jicho huungua bila maumivu, na lililoungua halirudi. Wanaotaka kuutafuta mwezi mwandamo wangoje jua lizame kabisa ndipo wainue darubini upande wa magharibi. Kama mwezi ulioonekana kwa chombo unafaa kufungia au kufungulia, hilo tuwaachie masheikh.

Mazoezi ya kwanza

Mtoto akishapata darubini yake, asianze na safari ya mbali. Kunguru wamejaa kila mahali kisiwani, nao ni walimu wazuri kwa sababu hawaogopi mtu. Mwambie avae miwani, amtazame kunguru kwa macho kwanza, asiyaondoe macho hapo, kisha ailete darubini mbele ya miwani bila kuinamisha kichwa. Amtafute mwenye shingo ya kijivu, ambaye asili yake ni India, na amtofautishe na yule mwenye kifua cheupe, ambaye ni wa kwetu Afrika. Akiweza hilo mara kumi mfululizo, mpeleke kando ya mto Tudor maji yakiwa yametoka, kati ya Septemba na Aprili, wakati ndege wa pwani waliotoka Ulaya na Asia wanapotafuta chakula matopeni. Baadaye, likizo ikiruhusu, Mida Creek karibu na Watamu haiko mbali.

Ukienda kununua wiki hii, chukua vitu viwili: rula ndogo ya milimita ya kukukumbusha ile 15, na huyo atakayeitumia, akiwa na miwani yake usoni. Usimnunulie kwa siri ili umshangaze. Zawadi hii ni kama kiatu, haifai bila mwenye mguu kuwapo.

Tukutane Jumapili ijayo.